"Kikokotoo kimeniunguzia kisu": jibu kwa fundi wa Makorora

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi mchongaji hapa Makorora, Tanga. Mashine yangu ya kukereza ni ya zamani, ya gia. Mvuvi mmoja wa Sahare ameniletea kazi ya shafti ya propela: stenlesi 316, kipenyo milimita 40, urefu mita 1.2, niishushe hadi 38. Nikapakua kikokotoo cha kasi kwenye simu, nikachagua stenlesi, nikaandika 40, kikaniambia mizunguko 1,193 kwa dakika. Nikaweka 1,200. Kisu cha haispidi kikaungua kabla sijatembea shubiri moja. Nikashuka 800, na fidi nikaipunguza hadi 0.05 ili kisu kisilemewe. Nimenoa visu vinne, nimekwangua nikafika 38.6, na sasa uso umekuwa kama kioo, kisu kinateleza juu yake. Mafundi wazee wananiambia hesabu za simu ni za darasani, mashine inasikilizwa kwa sikio. Je, kikokotoo kimenidanganya? Na shafti hii nitaiokoaje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Shafti yako itaokoka, nitakueleza namna. Ila tuanze na hicho kikokotoo, maana usipojua kilichotokea utaunguza na cha tano.

Kikokotoo hakikukudanganya. Kilijibu swali ambalo hukujua kwamba umeliuliza. Chukua ile namba yake, 1,193, uirudishe nyuma: zidisha kwa 40, gawanya kwa 318. Unapata 150. Hizo ni mita 150 kwa dakika, na hiyo ni kasi ya tipu ya kabaidi iliyopakwa, yaani kipande kigumu sana cha kukatia kinachofungwa kwenye ncha ya kisu, kwenye mashine ngumu, yenye maji ya kupoozea yanayomwagika kama bomba lililopasuka. Mahali fulani kwenye kioo cha simu yako palikuwa na mstari unaouliza kisu ni cha nini, na waliotengeneza programu walikuwa wameshaujaza kwa niaba yako: kabaidi. Wewe umefunga haispidi, chuma cha visu cha kunoa kwa jiwe, kisichostahimili joto kama kabaidi. Kwa haispidi kwenye stenlesi 316 kasi ni mita 12 hadi 18 kwa dakika. Ulikata kwa kasi mara kumi ya ile inayofaa.

Sasa hiyo 318 usiichukue kama uchawi. Kasi ya kukata maana yake ni mita ngapi za chuma zinapita mbele ya ncha ya kisu kwa dakika moja. Chukua kamba ya mkonge, izungushe mara moja kwenye shafti yako ya milimita 40, ikate, inyooshe mezani: utapima milimita 126 hivi, yaani 40 mara 3.14. Kila shafti ikizunguka mara moja, urefu huo wa chuma umepita mbele ya kisu. Ukitaka zipite mita 15 kwa dakika, inabidi izunguke mara 119. Basi. Ili usibebe kamba kila siku, wakagawanya 1,000 kwa 3.1416 wakapata 318: mizunguko ni 318 mara kasi, gawanya kwa kipenyo. Ukiwa huna kalamu tumia 300, inatosha, na kosa lake linaangukia upande wa usalama. Kipenyo kwenye mashine ya kukereza ni cha kazi. Kwenye drili na milingi ni cha kisu chenyewe. Nimeona vijana wazuri kabisa wakiandika upana wa bamba wanalotoboa badala ya kipenyo cha biti.

Mashine yako ya gia haina 119. Itakuwa na 100, au 115, au 130. Kwa stenlesi chukua ngazi ya chini yake, usichukue ya juu. Na sababu ya kusema hivyo ndiyo itakayokujibu pia habari ya wale wazee.

Mmarekani Frederick Winslow Taylor alianza mwaka 1880 kukata chuma kwa kupima: kasi hii, mlisho huu, kina hiki, kisu kimedumu dakika ngapi. Alidhani itachukua miezi, ikachukua miaka 26. Ripoti yake ya 1906 inasema majaribio yalikuwa kati ya 30,000 na 50,000, na zaidi ya ratili 800,000 za chuma ziligeuzwa maranda. Hizo ni karibu tani 360. Hata haispidi unayoinoa wewe ilitoka humo: yeye na Maunsel White waliionyesha Paris mwaka 1900, ikikata huku maranda yanaiva rangi, na watu hawakuamini. Taylor aliorodhesha mambo 12 yanayoamua kasi, na hakuna fundi anayeweza kuyapigia hesabu yote kichwani huku kazi inangoja. Ndipo Carl Barth, mwanahisabati mzaliwa wa Norwei, akamtengenezea rula ya kutelezesha yenye hesabu hizo ndani. Hicho ndicho kikokotoo cha kwanza cha kazi yetu. Kilikuwa cha kushikwa mkononi, karakanani, na namba zake zilitoka kwenye mashine.

Kwa hiyo wazee wako wakikuambia hesabu ni za darasani, waheshimu, ila ujue si kweli. Namba zile ni masikio ya mafundi wengi yaliyokusanywa yakaandikwa. Sikio la mzee wa Tanga limejifunza mashine moja na vyuma vinavyofika Tanga, na kwa mashine hiyo linaweza kuishinda simu. Lakini mlete chuma ambacho hajawahi kukikata, naye ataanza na kubahatisha kama wewe.

Jambo kubwa aliloliona Taylor ni hili: maisha ya kisu hayapungui kwa kadiri ileile kasi inavyopanda, yanaporomoka. Kwa haispidi, kasi ikipanda, maisha yanapungua kwa karibu kipeo cha nane. Kisu kinachodumu dakika 60, ukikiongezea kasi sehemu ya tano tu, kinadumu dakika 14. Ukizidisha kasi mara mbili, hazifiki sekunde 15. Wewe ulizidisha mara kumi. Shubiri haikuisha kwa sababu haikuweza kuisha. Haispidi inaanza kulegea inapokaribia nyuzi 600 za sentigredi, na ikishalegea kunoa tu hakutoshi, lazima usage hadi uvuke sehemu yote iliyobadilika rangi. Kabaidi ina subira zaidi, kipeo chake ni karibu cha nne, lakini nayo ina mpaka. Ndiyo maana nakwambia ngazi ya chini: ukikosea kwa kushuka unapoteza dakika, ukikosea kwa kupanda unapoteza kisu.

Hapo tumemaliza nusu ya kosa, na naomba unisikilize vizuri kwenye nusu ya pili, kwa kuwa hapa ndipo mafundi wengi wa pwani wanapoteswa na stenlesi. Kisu kilipoungua, ulifanya mambo mawili kwa pamoja: ulipunguza kasi na ulipunguza mlisho. La kwanza lilikuwa sahihi, ingawa halikutosha. La pili ndilo lililokuletea kioo.

Mlisho, au fidi kama mnavyosema, ni milimita ambazo kisu kinasogea kwa kila mzunguko mmoja wa kazi. Ni unene wa kinachobanduliwa. Ukiuweka 0.05, unamwambia kisu abandue kitu chembamba kuliko karatasi ya daftari. Ncha ya haispidi iliyonolewa kwa jiwe la benchi haina ukali wa kuingia chini ya unene huo. Inapanda juu, inasugua, inakandamiza. Chuma laini kingekusamehe. Stenlesi za jamii ya 304 na 316 hazisamehi: zikikandamizwa hujikaza. Ngozi ya juu inakuwa ngumu kuliko kiini, na mzunguko unaofuata kisu kinakutana na ngozi hiyo, nawe kwa kuogopa unaikwangua kidogo zaidi, inakaza tena. Kile kioo unachokiona ni ngozi iliyokaa palepale kisu chako kinapofanya kazi.

Na joto nalo. Stenlesi 316 inapitisha joto kwa karibu theluthi moja tu ya chuma laini. Kwenye chuma laini sehemu kubwa ya joto hukimbilia kwenye maranda na kwenye kazi. Kwenye stenlesi linabaki pale pale, kwenye ncha. Maranda mazito yanabeba joto na kuondoka nalo. Maranda membamba kama nywele hayabebi kitu.

Kwa hiyo ukiwa na stenlesi mkononi, kasi ipunguze uwezavyo, mlisho usiuguse. Weka 0.15 au 0.2, na kina kisipungue nusu milimita kila unapokuwa na nafasi, ili ncha itembee chini ya ngozi ya mpito uliopita. Usisimame katikati ya safari huku kazi inazunguka na kisu kimegusa. Kwenye drili ni vilevile: biti ya haispidi ya milimita 10 kwenye stenlesi haitakiwi kuvuka mizunguko 320 hivi, na mkono ukisitasita sekunde mbili tu, tundu limeshakaza chini na biti haishuki tena.

Najua kwa nini ulipunguza mlisho: ulitaka pia uso uwe laini, bushi (ile pete ambayo shafti huzunguka ndani yake) isiliwe. Laini haitafutwi hivyo. Mikwaruzo inayobaki ina kimo cha karibu mlisho mara mlisho, gawanya kwa nane mara nusu kipenyo cha mviringo wa ncha. Ncha yako ikiwa na mviringo wa nusu kipenyo milimita 0.8 na mlisho 0.15, kimo ni sehemu tatu na nusu za elfu za milimita, yaani milimita 0.0035. Kwa shafti ya mtumbwi hiyo ni laini ya kutosha, msasa mzuri utamalizia. Ukitaka laini zaidi, ongeza mviringo wa ncha kwa jiwe la mafuta, mlisho uuache.

Kuna mambo ambayo simu haitakuuliza, au itauliza kwa sauti ndogo. Vipimo kwanza. Vikokotoo vingi vimezaliwa Marekani na vinafunguka vikiwa kwenye futi na inchi. Futi 50 kwa dakika ni mita 15, kwa hiyo mtu akisoma 50 akadhani ni mita, ameshazidisha zaidi ya mara tatu. Mbaya zaidi ni mlisho: milimita 0.2 ni inchi 0.008. Ukiandika 0.2 kwenye kisanduku cha inchi umeagiza milimita 5 kwa kila mzunguko, na kama ni mashine ya kompyuta itakutii. Kabla ya kuandika namba yoyote tafuta ile alama ya vipimo. Mimi hadi leo huanza na jaribio: naweka kipenyo 100 na kasi 100. Mizunguko ikitoka 318, niko kwenye milimita na mita.

Halafu umeme. Mashine iliyotoka Marekani imeandikwa kasi zake kwa umeme wa mzunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni 50. Mota ileile ikifungwa hapa Tanga inazunguka sehemu tano kati ya sita, kwa hiyo kibao kikisema 120, chaku, yaani kile kishikio kinachozungusha kazi, inazunguka 100. Mashine za Ulaya na India hazina tatizo hilo. Angalia kibao cha mota yako, au weka alama ya chaki kwenye chaku kwa gia ya chini kabisa uhesabu kwa saa ya ukutani dakika nzima. Ni kazi ya dakika moja na itakuambia ukweli wa mashine yako.

Na nguvu. Vikokotoo vya bure mara nyingi havijui kama mota yako ni ya kilowati 2 au 20. Ukikata stenlesi hii kwa kabaidi, mita 66 kwa dakika, kina milimita 3, mlisho 0.3, ncha peke yake inadai kilowati 2.3 hivi, na ukihesabu zinazopotea kwenye mikanda na gia unahitaji karibu 3. Mota ya farasi watatu ni kilowati 2.2. Itazimika, au mkanda utateleza, au kisu kitavunjikia ndani. Kina hichohicho ukikifanya 1.5 na mlisho 0.2, unadai kilowati 1 tu ukijumlisha na zinazopotea. Nilijifunza kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge, tukichonga bushi na shafti za korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge, usiku ili asubuhi majani yasilale, maana maji ya mkonge yana asidi na hula chuma, kazi haikwisha. Hapo hapakuwa na simu, palikuwa na jedwali lililobandikwa ukutani, limeloa grisi. Jedwali lilikuwa na kasi za visu na halikuwa na mota. Mota tuliijua kwa jinsi taa zilivyofifia.

Umeniuliza bila kuniuliza utumie kikokotoo kipi. Ukinunua tipu za kabaidi zenye jina, tumia namba zilizo kwenye boksi lake au kikokotoo cha kampuni yake, Sandvik Coromant kwa mfano wanacho chao, kwa kuwa kasi imeandikwa kwa tipu hiyohiyo. Kwa mengine, FSWizard inatosha kuanzia, inakuuliza kisu ni cha nini. G-Wizard ni ya kulipia na imelenga mashine za kompyuta, lakini ina jambo ninalolipenda: unaiandikia kwanza mashine yako, nguvu yake na mizunguko yake, na ina kitelezo chenye kobe upande mmoja na sungura upande wa pili. Kwa mashine ya gia iliyochoka, kaa kwa kobe. Ukitumia yoyote, ichukue kasi iliyoandikwa kama dari, anza kwa robo tatu yake, halafu yaangalie maranda. Haispidi ikikata vizuri, maranda yanatoka meupe au yameiva manjano kidogo. Yakigeuka ya bluu, kisu kinakufa. Kabaidi kwenye chuma laini maranda ya bluu si ugonjwa. Hapo ndipo sikio na jicho la wazee linaingia: simu inakufikisha mlangoni, wao wanakuonyesha pa kukanyaga ndani.

Sasa shafti. Una 38.6, unataka 38. Zimebaki 0.3 kila upande, na ngozi iliyokaza inaweza kuwa imekula moja au mbili za kumi za hizo. Kwa hiyo una nafasi moja. Usigawanye mara tatu za 0.1, utakuwa unailamba ngozi tena. Kata zote 0.3 kwa mpito mmoja.

Kwa kazi hii achana na haispidi, tafuta kisu cha kabaidi, hata kile cha kuchomelea tipu, ilimradi kimenolewa kwa jiwe la kijani hadi ukikipitisha kwenye ukucha kinakwangua. Kasi mita 60 hadi 65: 318 mara 60 gawanya kwa 38.6 ni karibu 500. Mlisho 0.15. Hapo safari nzima ya mita 1.2 itachukua dakika 16. Kwa haispidi kwa mizunguko 100 na mlisho uleule ingechukua dakika 80, na ncha ingekuwa imeshakufa nusu ya njia na kukuachia ngazi kwenye shafti. Maji ya kupoozea yatiririke mfululizo tangu kabla ya kugusa. Kumwagia tipu maji ikiwa imeshapata moto kutaipasua, kwa hiyo kama pampu ni mbovu kata kavu kuliko kudondoshea kwa kopo.

Shafti yako ni ndefu mara 30 ya kipenyo chake. Itainama katikati na kutetemeka, kwa hiyo funga stedi inayotembea pamoja na kisu, midomo yake uitie grisi. Na senta ya kichwa cha nyuma: stenlesi hii hurefuka. Ikipata joto la nyuzi 40 zaidi, mita 1.2 inaongezeka karibu robo tatu ya milimita. Ikikosa pa kwenda inapinda kama upinde, kisu kinakula zaidi katikati, nawe utalaumu mashine. Tumia senta inayozunguka, usiibane sana, na kabla ya mpito huu wa mwisho iache shafti ipoe kabisa, ulegeze, ubane upya kwa vidole.

Kabla ya yote hayo, mwite mwenye chombo umuulize bushi ya nyuma iko wapi. Kama bado haijachongwa, au imeliwa na itabidi ibadilishwe, pima shafti itakayotoka, iwe 38.0 au 37.9, kisha bushi uichonge kuifuata shafti na kuiachia nafasi ya maji kupita. Bushi ya bronzi ni kazi ya saa moja na haijikazi ukiigusa. Ukishapata jibu lake, funga stedi, nawe anza.